Siku Tisini za Sauzi

Mwaka 1945, ndege ya shirika la Afrika Kusini ikitoka Johannesburg kwenda Uingereza ilikuwa inatua Nairobi njiani. Kufikia 1963, mambo yalikuwa yamegeuka. Mei mwaka huo wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaunda OAU na kukubaliana kuutenga utawala wa makaburu. Anga ikafungwa. Ndege za Sauzi zikawa zinazunguka magharibi juu ya bahari, zikijaza mafuta kisiwa cha Sal huko Cape Verde. Kenya ilipopata uhuru Desemba, nayo ikajiunga na ususiaji.

Stori ya viza kati yetu na Sauzi inaanzia hapo, ingawa wengi wetu tunaijua kuanzia mwisho: ada, tiketi ya kurudi na taarifa za benki.

Mlango ule ulifungwa kwa sababu. Makaburu walitumia karatasi kama pingu. Mtu mweusi alitakiwa kubeba pasi ndio atembee mjini, kwenye nchi yake mwenyewe. Miriam Makeba alikuwa ng'ambo pasipoti yake ilipofutwa mwaka 1960, akakaa miaka 30 bila kurudi nyumbani. Katika miaka hiyo alisafiri kwa pasipoti alizopewa na nchi zingine, za Afrika zikiwemo. Wakati huo, kumpa mtu karatasi ya kusafiria ilikuwa njia ya kusema uko upande wake.

Julai 1990 Mandela, aliyekuwa ametoka jela miezi mitano tu iliyopita, alikuja Nairobi na kukaribishwa na serikali ambayo siku chache kabla ilikuwa imewatia Matiba na Rubia kizuizini. Diplomasia ndivyo ilivyo, inaweza kumshangilia mfungwa wa jirani huku imefungia wake. Mwaka uliofuata de Klerk naye akaja kuonana na Moi. Uchaguzi wa Aprili 1994 ulipopita, sababu ya kususia ikaisha.

Ungedhani basi mlango ungebaki wazi. Wapi! Sauzi huru ilitaka viza, na kwa miaka mingi Mkenya alilazimika kuthibitisha kwamba ana pesa na kwamba atarudi kwao. Mimi huandika kwa malipo ya kazi moja moja, sina barua ya mwajiri. Watu kama mimi hatukuhitaji kunyimwa viza, tulikuwa tunajinyima wenyewe kabla ya kujaza fomu. Wakati huo huo, Msauzi akija huku alipata viza akifika, bila kulipa.

Ilibidi tungoje Novemba 2022, Ramaphosa alipokuja Nairobi akakubaliana na Ruto. Kuanzia 1 Januari 2023, Mkenya anaingia Sauzi bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Hizo ni siku za kutembea, si za kutafuta kazi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hakikisha pasipoti yako ina kurasa mbili tupu. Jina la uwanja wa ndege utakaotua Johannesburg ni la Oliver Tambo, aliyeishi uhamishoni miaka 30. Ukitoka hapo, jua kwamba matatu zao wanaziita teksi, na nyingi hazina makanga. Nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na ukiinua kidole cha shahada ukiwa kando ya barabara umesema unaenda mjini.

Lakini ushauri mkubwa haumo kwenye orodha ya ubalozi. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, zikasambaa, na zaidi ya watu 60 wakauawa. Baadhi yao walikuwa Wasauzi waliodhaniwa wageni. Kwa hivyo uliza wenyeji kabla ya kuzuru mtaa, fuatilia habari za wiki hiyo, na mtu akikusalimia, msalimie kwa lugha yake hata kama unajua neno moja tu.

Marais wawili wanaweza kufuta viza kwa sahihi moja. Hofu ya mtaani haifutwi hivyo. Inapungua watu wa kawaida wakitembeleana, na kwa miaka mingi hao ndio waliokuwa wanaambiwa walete taarifa ya benki kwanza.