Remera ya Rukoma na kivuli cha Mengo

Ukitaja Remera leo, mtu wa Kigali atafikiria Uwanja wa Amahoro, pikipiki za abiria zinazopenya katikati ya magari, na makutano ya Giporoso, jina linalokaribiana mno na abaporoso, yaani Waprotestanti. Parokia ya Regina Pacis iko hapo, kituo cha Wajesuti cha Christus kiko hapo, na makanisa ya Kiprotestanti hayakosekani. Lakini enzi za wafalme hiki kilikuwa kilima tu nje ya mji. Kigali yenyewe ilianza mwaka 1907, Richard Kandt alipoweka makao yake Nyarugenge, upande wa magharibi. Remera iliyoingia katika ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti ni nyingine, ile ya Rukoma, ng'ambo ya mto Nyabarongo, katika wilaya ya Kamonyi ya sasa. Majina ya vilima hujirudia Rwanda, na asiyejua atashushwa mahali pasipo pake.

Ugomvi wenyewe haukuzaliwa Rwanda. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, mji mkuu wa Kabaka Mwanga, Wakristo wa Buganda walipigana wenyewe kwa wenyewe. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda, na wengi walikuwa wamelelewa pamoja katika ua wa Kabaka. Mwingereza Kapteni Frederick Lugard alikuwa Kampala na bunduki zake za bombom, na upande wake ulijulikana. Wakatoliki walishindwa. Kabaka akakimbia, na Askofu Jean-Joseph Hirth akakimbia pia, hadi Bukoba, kwenye himaya ya Wajerumani. Mapatano yaliyofuata yaliwapa Wakatoliki jimbo la Buddu, na nchi ikagawanywa kwa dini kama shamba la urithi.

Ni Hirth huyohuyo aliyeingia Nyanza, ikulu ya Rwanda, tarehe 2 Februari 1900. Alikuja na Mapadre Weupe wenzake na wasaidizi Waganda, watu wanaojua ubatizo na wanaojua bunduki. Kwa Wajerumani, waliotawala Rwanda wakati huo, alikuwa mgeni wa kufaa: mzaliwa wa Alsace, jimbo ambalo Ujerumani ililitwaa baada ya vita vya 1870. Askofu aliyefukuzwa Uganda kwa kuhesabiwa Mfaransa, huku akapita.

Ikulu haikumwamini. Mwami Yuhi wa Tano Musinga alikuwa kijana, ametawazwa baada ya umwagaji damu wa Rucunshu mwaka 1896, na nguvu zilikuwa mikononi mwa mama yake Kanjogera na mjomba wake Kabare. Wageni walipoomba kumwona mfalme, waliletewa mtu mwingine, Mpamarugamba, akakaa mahali pa Mwami na kupokea salamu zao. Mapadre wakaondoka wakidhani wamemwona Musinga.

Kisha wakapewa vilima, na hapa ndipo akili ya ikulu inapoonekana. Save upande wa kusini. Zaza katika Gisaka iliyotekwa katikati ya karne ya kumi na tisa. Nyundo mwaka 1901. Rwaza na Mibirizi mwaka 1903. Nyingi ya sehemu hizo ziko pembezoni, ambako watu waliipenda Nyanza kwa shingo upande. Ni kama ikulu ilisema: mkitaka wafuasi, kawatafuteni kwa wale wanaotusumbua. Walionyenyekea misheni, wengi wao maskini, waliitwa inyangarwanda, wachukiao Rwanda. Buganda dini ilianzia uani kwa mfalme ikateremka kwa raia. Rwanda ilianzia kwa raia, na ua ukafunga mlango. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya Rwanda kutopata Mengo yake: hapakuwa na vijana wa ikulu wa kugawana.

Mwaka 1907 wakaja Walutheri wa Misheni ya Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, mtu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Mlalo, Usambara. Mazungumzo na ikulu hayakuwa na shida ya lugha, maana Musinga alikuwa amejifunza Kiswahili, kukisoma na kukiandika. Walipewa Zinga na Kirinda, halafu Rubengera mwaka 1909. Mwaka huohuo wa 1909 Mapadre Weupe nao wakafungua Murunda, upande uleule wa Ziwa Kivu. Anayetaka kuona vita vya dini vya Rwanda aweke ramani mezani, achomeke pini ya rangi moja kwa Wakatoliki na nyingine kwa Waprotestanti, kisha asome tarehe. Kabgayi, kitovu cha Wakatoliki, ilianza 1906. Remera ya Rukoma, ya Walutheri, ilianza 1912, nayo haiko mbali na Kabgayi. Silaha ilikuwa kilima, na aliyekigawa alikuwa Mwami.

Vita vya Dunia vikavuruga hesabu. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Rwanda, na wamisionari Wajerumani wa Bethel wakaondolewa. Remera na vituo vyenzake vikabaki na waumini bila wachungaji, hadi Waprotestanti wa Ubelgiji walipovipokea mwaka 1921. Miaka hiyo mitano Kabgayi haikulala. Mwaka 1917 Wabelgiji walimlazimisha Musinga kutangaza uhuru wa dini, na mwaka huohuo mapadre wa kwanza Wanyarwanda wakapewa daraja.

Musinga alicheza karata iliyobaki. Askofu Léon Classe, aliyempokea Hirth uongozi, alisikilizwa sana na serikali, basi Mwami akawachangamkia wapinzani wake: Waadventista, na Waanglikana waliofungua Gahini mwaka 1925. Hakubatizwa na yeyote. Wabelgiji, Classe akiwaunga mkono kwa kalamu, walimwondoa madarakani tarehe 12 Novemba 1931 na kumpeleka Kamembe. Mzee Hirth alikuwa amefariki Kabgayi Januari ya mwaka huohuo.

Mwanawe, Mutara wa Tatu Rudahigwa, alikuwa tayari akijifunza katekisimu. Machifu wakafuata upepo, na watu wakafuata machifu. Wamisionari wenyewe waliita wimbi hilo tufani. Chifu Mprotestanti akawa kitu cha nadra. Shule ziliamua mengine: misheni za Kikatoliki zilipata ruzuku ya serikali, za Kiprotestanti zikasubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtoto wa Remera ya Rukoma aliyetaka cheo alijua njia inapita wapi, na haikupita kanisani kwao.

Rudahigwa alibatizwa tarehe 17 Oktoba 1943, akaitwa Charles Léon Pierre: Léon ni jina la Classe, na Pierre ni la Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, baba yake wa ubatizo. Mwaka 1946 aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Waprotestanti wa Rwanda nao walikuwemo katika nchi hiyo iliyowekwa wakfu, na hakuna aliyewauliza.