Simu kama king'ora cha nyumbani

Simu kama king'ora cha nyumbani ni matumizi ya simu ya mkononi, kwa kawaida simujanja ya zamani iliyokwisha kuwekwa kando, ili itambue mtikisiko, sauti au mwendo wa mtu anayeingia nyumbani bila ruhusa, kisha ilie yenyewe au ipeleke habari kwenye simu nyingine. Hakuna kifaa kipya kinachonunuliwa: programu huvipa kazi nyingine vihisi ambavyo simu tayari inavyo. King'ora cha namna hii huweza kumwamsha mwenye nyumba au kumjulisha aliye mbali. Hakiwezi kumzuia mwizi, na hakichukui nafasi ya komeo na kufuli.

== Jinsi kinavyofanya kazi ==

Karibu kila simujanja ina kipimamchapuko, yaani kihisi kidogo cha silikoni kinachoijulisha simu kama imeshikwa wima au kwa ubavu ili picha kwenye kioo igeuke. Ndani yake mna uzani mdogo sana ulioshikiliwa na springi nyembamba kuliko unywele. Simu ikisogezwa, uzani huo huchelewa kidogo kufuata, umbali kati yake na vibao vya pembeni hubadilika, na badiliko hilo husomwa kwa njia ya umeme. Simu iliyotulia mezani haisomi sifuri. Husoma nguvu ya mvutano wa dunia, takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba. Programu ya ulinzi huichukua namba hiyo kuwa hali ya utulivu, kisha hungoja ibadilike kupita kiwango alichokiweka mtumiaji.

Kihisi hiki kilianza kuonekana katika simu chache kama Nokia 5500 Sport ya mwaka 2006, kikaenea baada ya iPhone ya mwaka 2007. Usikivu wake si haba. Tangu Agosti 2020 kampuni ya Google hutumia vipimamchapuko vya simu za Android kutambua mawimbi ya kwanza ya tetemeko la ardhi, hasa kwa simu zilizotulia zikiwa kwenye chaji.

Hata hivyo kipimamchapuko huhisi tu kile kinachoitikisa simu yenyewe. Mtu anayenyata hatua tatu kutoka hapo kwenye sakafu ya udongo hatambuliwi. Kwa hiyo simu lazima iguse kitu kitakachosogezwa: ining'inizwe kwenye komeo, iegemezwe kwenye mlango, au ifichwe juu ya mzigo wenyewe.

Njia ya pili ni kamera. Programu hulinganisha picha moja na inayofuata, na sehemu kubwa ya picha ikibadilika huhesabu kwamba kuna mwendo. Gizani kamera ya kawaida haioni kitu, tofauti na vihisi vya taa za ukutani ambavyo hutambua joto la mwili. Njia ya tatu ni maikrofoni, ambayo husikia kioo kikivunjika au mlango ukigongwa, lakini husikia pia mvua juu ya bati.

== Mifano inayojulikana ==

Programu iliyotangaza wazo hili duniani ni Haven, iliyotolewa Desemba 2017 na Guardian Project pamoja na Freedom of the Press Foundation, shirika ambalo Edward Snowden alikuwa rais wake. Ilikusudiwa waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu walioogopa kompyuta zao kuchezewa zikiachwa katika vyumba vya hoteli. Simu huwekwa juu ya kompyuta. Mtu akiigusa, Haven hurekodi picha na sauti na kumjulisha mwenyewe kwenye simu yake nyingine.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na majaribio ya aina yake mapema zaidi, ingawa hayakutumia kihisi cha ndani ya simu. Mwaka 2008 kijana wa Mombasa, Morris Mbetsa, alijulikana kwa kifaa alichokibuni cha kufuatilia na kuzimisha gari lililoibwa kwa kupitia simu ya mkononi. Nchini Kenya pia, shirika la Save the Elephants liliweka kadi ya simu katika ukosi wa tembo aliyeitwa Kimani, huko Ol Pejeta. Tembo huyo alipovuka mpaka uliowekwa kuelekea mashamba, ujumbe mfupi uliwafikia walinzi.

Kitochi, ambacho kwa kawaida hakina kihisi cha mtikisiko, nacho hutumika. Mafundi huunganisha nyaya mbili kwenye kitufe kilichowekewa namba ya kupiga haraka, kisha huzipeleka kwenye swichi ya sumaku mlangoni. Mlango ukifunguka swichi hufunga njia ya umeme, simu huona kama kitufe kimebonyezwa na kushikiliwa, nayo hupiga. Kitochi hukaa na chaji siku kadhaa, jambo ambalo simujanja haliwezi.

== Katika mazingira ya kijijini: Kiranjeranje ==

Maelezo mengi ya programu hizi yameandikwa kwa ajili ya nyumba za saruji zenye mlango mmoja, umeme wa kudumu na intaneti. Kiranjeranje, kata ya Wilaya ya Kilwa katika Mkoa wa Lindi kwenye barabara kuu ya kusini, inaonyesha mahali ambapo maelezo hayo lazima yabadilishwe.

Mali inayolindwa si kompyuta. Lindi ni mkoa wa ufuta na korosho, na kati ya kuvuna na kupeleka mzigo kwenye ghala la chama cha ushirika, magunia hukaa nyumbani. Ufuta huvunwa kuanzia karibu mwezi wa Mei au Juni. Korosho hufuata mwishoni mwa mwaka. Gunia moja likitoka usiku, ni palizi ya msimu iliyokwenda bure, na huenda ni ada ya mtoto. Tena mahali penye nyumba za miti na udongo mwizi halazimiki kupita mlangoni, kwa kuwa ukuta hutoboleka. Simu iliyotundikwa kwenye komeo italala kimya huku mzigo ukitolewa upande wa uani. Hapo ni afadhali kuiweka katikati ya magunia, au kwenye kiti cha pikipiki.

Intaneti nayo si lazima. King'ora kinacholia hapohapo hakihitaji mtandao wala salio, na kwa mtu anayelala chumba cha pili kinatosha. Anayetaka simu impigie aliyeko shambani au mjini ahakikishe laini imesajiliwa kwa alama za vidole, ina salio, na inatumiwa mara kwa mara, maana laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kampuni.

== Ving'ora vya uongo ==

Kuku, paka, panya juu ya magunia, upepo wa kusi unaopenya dirishani: vyote huitikisa simu. Kiwango cha usikivu kikiwekwa juu mno, king'ora hulia kila usiku, na baada ya wiki moja hakuna anayeamka. Kikiwekwa chini mno, mwizi mwenye mkono mwepesi hupita. Hakuna namba inayofaa kila nyumba. Hujaribiwa kwa kumtuma mtu wa nyumbani ainue gunia polepole usiku, watu wakiwa wamekwisha arifiwa.

Hatari kubwa zaidi iko kwa majirani. Kijijini king'ora hufuatwa na yowe, na yowe huleta watu wenye fimbo na mapanga. Tanzania imeona watu wengi wakiuawa na umati kwa kudhaniwa wezi, na mashine haitofautishi mwizi na mjomba aliyefika usiku kwa basi. Kuvunja nyumba usiku ni kosa zito katika Kanuni ya Adhabu, lakini kumwua mtu aliyekwisha kukamatwa ni kosa zito kuliko hilo. Kwa sababu hiyo ni bora simu impigie kwanza mtu mmoja au wawili waliokubaliana, ikiwezekana wa ulinzi shirikishi, kisha ofisi ya kijiji au polisi kwa namba 112.

== Betri na picha ==

Simu ya zamani iliyo kwenye chaji usiku na mchana hupata moto, na betri yake huweza kuvimba. Betri iliyovimba isitumike tena, na simu inayochajiwa isiwekwe kwenye godoro, chini ya makuti wala ndani ya magunia. Anayeilaza kwenye mzigo aichaji mchana, kwa umeme au sola, na kuichomoa jioni.

Kamera ielekezwe ndani ya nyumba ya mwenyewe, si kwenye ua wa jirani au njia ya kisimani. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni miongoni mwa taarifa hizo. Picha ya mshukiwa hupelekwa polisi. Kuisambaza katika makundi ya WhatsApp pamoja na neno "mwizi" kunaweza kumwingiza mwenye simu mwenyewe katika kesi.