Ajali ya Lucky Vincent

Ajali ya Lucky Vincent ni ajali ya basi la shule iliyotokea Mei 6, 2017 eneo la Rhotia, wilayani Karatu, mkoani Arusha. Waliofariki ni 35: wanafunzi 32 wa darasa la saba, walimu 2 na dereva. Walikuwa wametoka Shule ya Msingi Lucky Vincent, Kwa Mrombo, jijini Arusha, wakienda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema, basi likatumbukia korongoni.

Watoto 3 walinusurika.

Wahudumu wa kujitolea wa STEMM, shirika la Marekani, walikuwa wakipita njia hiyo; walisimama na kutoa huduma ya kwanza. Hapo ndipo uganga unapokuwa mgumu: mikono ni michache, majeruhi ni wengi, na anayeshikwa kwanza ni yule ambaye bado anaweza kuokolewa. Aliye kimya huangaliwa kabla ya anayelia, kwa kuwa kilio ni dalili ya pumzi.

Manusura walitibiwa Hospitali ya Mount Meru. Likabaki swali zito la kimaadili: mtoto mwenye mifupa iliyovunjika aambiwe lini, na nani, kwamba wenzake wamefariki? Mei 14 manusura hao walisafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, Iowa, Marekani, wakafanyiwa upasuaji, na Agosti mwaka huohuo wakarejea Arusha.