Tasa Yenye Ukoo

Kiswahili kimeiita tasa namba isiyogawanyika pasi na baki ila kwa moja na kwa nafsi yake. Jina hilo lina utamu sikioni, ila ndani yake mna dhuluma kidogo: kila namba inayozidi moja, ama ni tasa yenyewe, ama imezaliwa na tasa zilizozidishana. Utasa gani huo?

Tena zipo tasa zenye ukoo. Zidisha mbili kwa mbili, utoe moja: umepata 3. Zidisha mbili tatu, utoe moja: 7. Zidisha mbili saba, utoe moja: 127. Zote ni tasa. Basi, ukizidisha mbili 127, ukatoa moja, je?

Hupatikana 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727, yaani tarakimu 39. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliitaja kuwa tasa bila ya kutoa ithibati. Lakini katika orodha yake hiyo hiyo aliingiza pia 67 na 257, na kote kuwili alikosea. Neno lake peke yake halikutosha. Na kuijaribu kwa kuigawanya kulikuwa muhali: mwenye kujaribu kigawo kimoja kila sekunde angekufa yeye na vitukuu vyake, na kazi iko pale pale.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa aliyepata kuwa afisa wa mizinga, alipita mlango mwingine. Hakutafuta kigawo hata kimoja. Anza na 3. Izidishe kwa nafsi yake, utoe 2. Jawabu ulifanye vivyo hivyo, na kila linapoizidi namba unayoipima, bakisha baki tu. Msomaji na aipime 127 kwa kalamu: 3, 7, 47, 48, 16, sifuri. Sifuri ikitua mahali pa sita, moja pungufu ya saba, namba ni tasa. Kwa ile kubwa, sifuri hutakiwa mahali pa 126. Lucas alieleza namna ya kuifanya hesabu kama hiyo kwa kete juu ya ubao mfano wa sataranji, na ndiye pia aliyebuni mchezo wa Mnara wa Hanoi. Mtu wa michezo, naye akaushinda mlima!

Hadi 1951 haikujulikana tasa kubwa kuliko hiyo. Njia yake, iliyosafishwa na Derrick Henry Lehmer katika miaka ya 1930, ndiyo iliyothibitisha Oktoba 2024, kwa kompyuta, tasa yenye tarakimu 41,024,320.

Ama ukoo ule, Eugène Catalan aliuliza mapema: je, mtoto anayefuata naye ni tasa? Mtoto huyo haandikiki. Idadi tu ya tarakimu zake ni namba yenye tarakimu 38, na hakuna kompyuta iliyoweza kumpima kwa njia ya Lucas.