Kipindi nje ya mashindano (utunishaji misuli)

Kipindi nje ya mashindano katika mchezo wa kutunisha misuli ni muda ulio kati ya shindano moja na kuanza kwa matayarisho ya mwisho ya shindano linalofuata. Mara nyingi huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima au zaidi, ilhali matayarisho ya mwisho huchukua takriban wiki 12 hadi 24. Kipindi hiki si likizo. Ndipo misuli mipya hujengwa, kwa sababu karibu na shindano mchezaji hupunguza chakula ili mafuta ya mwili yaishe, na mwili usiopata chakula cha kutosha huongeza misuli kwa shida sana. Kinachoonekana jukwaani kwa dakika chache ni kazi ya miezi hiyo.

Historia

Shindano kubwa la kwanza la mchezo huu liliandaliwa na Eugen Sandow katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tarehe 14 Septemba 1901. Mmoja wa majaji alikuwa mwandishi Arthur Conan Doyle. Tangu mwanzo majaji walitazama ulinganifu wa mwili na si ukubwa peke yake.

Baada ya shindano la Mr. Olympia kuanzishwa mwaka 1965, na hasa katika miaka ya 1980 na 1990, washindani walitakiwa kuwa wakubwa zaidi na wakati huohuo kuwa na mafuta machache zaidi. Hapo tofauti kati ya mwili wa jukwaani na mwili wa miezi mingine ikapanuka. Dorian Yates wa Uingereza, bingwa wa Mr. Olympia kuanzia 1992 hadi 1997, alishindana akiwa na takriban kilogramu 110 hadi 120, lakini nje ya mashindano alivuka 130. Lee Priest wa Australia, ambaye urefu wake ni takriban sentimita 163 tu, alijulikana kwa kunenepa hadi kupita kilogramu 120 na kisha kurudi jukwaani akiwa amekauka. Siku hizi makocha wengi hawapendekezi mtindo huo: mafuta mengi yaliyoongezwa yanapaswa kuondolewa baadaye, na kadiri muda wa kujinyima unavyorefuka ndivyo hatari ya kupoteza misuli inavyoongezeka.

Wiki za kwanza baada ya shindano

Hiki ndicho kipande kigumu zaidi cha kipindi chote, ingawa hakipewi uzito unaostahili. Mchezaji anashuka jukwaani akiwa na njaa ya miezi, homoni zake zimevurugika na lengo lililomwongoza limekwisha. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulimfuata mtunisha misuli wa kiume asiyetumia dawa kwa miezi 12, nusu kabla ya shindano na nusu baada yake. Katika matayarisho mafuta ya mwili wake yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5, mapigo ya moyo akiwa amepumzika kutoka 53 hadi 27 kwa dakika, na testosteroni ikapungua hadi takriban robo ya kiwango cha awali. Vipimo hivyo vilianza kurudi baada ya shindano, lakini kwa miezi. Kwa wanawake hedhi inaweza kukoma wakati wa matayarisho, na kuna aliyengoja zaidi ya mwaka mmoja kabla haijarudi.

Mwili uliotoka katika njaa hurejesha mafuta haraka kuliko misuli. Jambo hili lilionekana wazi katika jaribio la Minnesota, Marekani, la miaka 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwalisha kidogo wanaume 36 waliojitolea kwa wiki 24. Waliporuhusiwa kula tena, wengi walipita kiasi cha mafuta walichokuwa nacho mwanzoni. Kwa hiyo chakula hurudishwa kwa mpango, na uzito fulani huongezwa mapema kwa makusudi ili afya irudi. Kujaribu kubaki na mwili wa jukwaani mwaka mzima ni kosa, hata kama picha zake zinapendeza.

Chakula

Lengo ni kula kalori zinazozidi kidogo zile zinazotumika, kwa takriban asilimia 10 hadi 20, na kuongeza uzito wa asilimia 0.25 hadi 0.5 kwa wiki. Kwa mtu wa kilogramu 80 hiyo ni gramu 200 hadi 400. Mzoefu huongeza polepole kuliko anayeanza, kwa kuwa misuli yake inakua kwa shida zaidi.

Protini inayopendekezwa ni gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilogramu ya uzito kwa siku, yaani gramu 128 hadi 176 kwa mtu huyohuyo. Sehemu kubwa ya kalori zinazobaki hutokana na wanga, unaotoa nguvu za kunyanyua vyuma. Vitabu vingi hutaja kifua cha kuku na shayiri, lakini hayo ni mazoea tu: mayai, maharagwe, dagaa, maziwa, wali, ugali na viazi vitamu vinafanya kazi ileile. Kati ya virutubishi vya kuongeza, kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ina ushahidi mzuri. Vingi vingine havina.

Mazoezi

Mpango huanza na maoni ya majaji na picha za shindano. Aliyeambiwa kwamba mgongo wake ni mwembamba huupa mgongo siku na seti nyingi zaidi, huku sehemu zilizotosha zikipunguziwa. Katika madaraja yenye kikomo cha uzito, kama lile la ratili 212 (takriban kilogramu 96), uchaguzi huu ni wa lazima: aliyefika kikomo hawezi kukua kila mahali.

Uzito wa vyuma au idadi ya marudio huongezwa hatua kwa hatua, na kila baada ya wiki kadhaa kazi hupunguzwa ili viungo na kano vipumzike. Usingizi wa kutosha ni sehemu ya mpango.

Hatari

Baadhi ya wachezaji hutumia steroidi za anaboliki katika kipindi hiki ili wakue haraka. Dawa hizo zimepigwa marufuku michezoni. Zinaweza kunenepesha kuta za moyo, kuharibu mafuta ya damu na ini, na kuzuia mwili kutengeneza testosteroni yake hata baada ya kuziacha. Mashirikisho ya wasiotumia dawa hupima wachezaji wake, na baadhi yao hupima hata nje ya mashindano, bila taarifa ndefu.