Mkarafuu Hausomi Bei

Mkarafuu ukiupanda leo, utasubiri miaka sita hadi minane ndiyo uchume. Bei ya karafuu inageuka kwa simu moja kutoka Singapore. Mimi nauza viungo katika soko la Darajani, Zanzibar, na ukoo wetu umelelewa na karafuu za kijiji cha Dole tangu enzi za babu. Hasara zote nilizosikia zikisimuliwa barazani zimetoka katika pengo hilo, baina ya mti na bei.

Asili ya mti wenyewe ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliulinda kama hazina. Mfaransa Pierre Poivre alifanya mbinu miche ikatoroshwa hadi Mauritius, na takriban mwaka 1818 Saleh bin Haramil Al-Abry akauleta Unguja, ukapandwa Mtoni na Kizimbani. Wakati huo karafuu zilikuwa adimu na ghali. Inasimuliwa kwamba Sultani Seyyid Said aliamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ilikuwa hesabu ya mfanyabiashara: mkataba wa 1822 na Waingereza ulianza kubana usafirishaji wa watumwa, naye akaona faida ya kuwatumikisha hapa hapa mashambani. Tusilifiche hilo, karafuu za Unguja ziliota kwa jasho la watumwa.

Kila mwenye ardhi akapanda, na karafuu zote zikaiva pamoja. Kufikia miaka ya 1840 soko lilishajaa na bei ikaporomoka. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini, na mashamba yakawekwa rehani. Kisha, Aprili 1872, kikaja kimbunga kilichong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika. Karafuu zikawa chache, bei ikapanda, na waliofaidika ni wale ambao miti yao ilikuwa bado imesimama. Ndiyo maana mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba.

Babu yangu hakusoma skuli ya biashara, lakini alikuwa na kanuni zake. Karafuu akizianika juani juu ya majamvi, akizifunika kila wingu likitanda, maana zikivunda zinakuwa mpeta na hazina mnunuzi wa maana. Zikikauka, aliivunja moja kwa kidole. Ikikatika kavu na kichwa chake kipo, ndipo akafunga gunia. Msimu ukiwa mzuri hakuuza zote. Magunia kadhaa yalipanda darini, kwani karafuu kavu haziozi. Na chini ya mikarafuu yake hakukosekana migomba na muhogo. Aliyaona ya mwaka 1937: serikali ya Waingereza ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua, na India, mteja mkubwa, ikazisusia karafuu zetu. Maafikiano yalipatikana 1938. Katika msimu ule aliyetegemea karafuu peke yake alilala njaa na magunia ndani.

Baadaye mteja mkubwa akawa Indonesia, kwa sigara zake za kretek zinazochanganywa tumbaku na karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikashika biashara, na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likawa mnunuzi pekee. Lakini Waindonesia nao walipanda yao. Ilipozaa, hawakutuhitaji tena. Tani iliyofika karibu dola 9,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilianguka chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990. Wakulima wakaacha mikarafuu izeeke bila kupalilia, wengine wakavusha magunia kwa magendo hadi Kenya, ambako walilipwa zaidi. Ni mwaka 2011 tu, bei ya ZSTC ilipopandishwa kwa kishindo, ndipo karafuu zilipoanza kurudi vituoni.

Wakati bei ikianguka, Zanzibar iligeukia utalii. Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba za zamani zikawa hoteli, na wenye maduka ya nguo na samani wakageuka wauza zawadi. Mwaka 2020 ndege zilipositishwa kwa ajili ya korona, barabara za Mji Mkongwe zilikuwa tupu mchana kweupe. Yale yale ya 1937, ila safari hii vilivyokwama ni vitanda vya hoteli.

Simwambii mtu asipande mkarafuu wala asijenge hoteli. Mimi mwenyewe wateja wangu wengi ni watalii. Ninachosema ni kwamba kisiwa hiki kimekuwa kikiangalia bei ya mwaka huu kisha kupanda mavuno ya mwaka wa nane. Ukikopa, uliza kwanza nani mwingine anapanda kitu kile kile, na mteja wako akiacha kununua utakula nini. Migomba na muhogo isikosekane chini ya mkarafuu.