Unataka kusoma sheria? Usikariri pepa za nyuma, zitumie hivi

Mtihani wa kidato cha sita ukikaribia, steshenari za mjini Morogoro hujaa vijana wanaotoa kopi za mitihani ya miaka iliyopita. Wengine wanaondoka na rundo la miaka 10.

Wakifika nyumbani, wengi hufanya hivi: wanasoma swali, wanafungua majibu, wanasema "aah, hii naijua", wanahamia linalofuata. Kufikia jioni wamemaliza pepa tano na hawajaandika hata aya moja.

Kama ndoto yako ni kuwa mwanasheria, huo mtindo unaweza kukugharimu. Tuone kwa nini, na ufanye nini badala yake.

Mlango wa kuingilia ni upi?

Marekani, wengi wanaotaka kusoma sheria hufanya mtihani maalumu unaoitwa LSAT. Hapa kwetu hakuna mtihani wa namna hiyo wa kuingia shahada ya sheria. Kwa mwanafunzi anayetoka shule, mlango ni matokeo ya kidato cha sita, iwe unalenga Chuo Kikuu Mzumbe, barabara ya Iringa chini ya Milima ya Uluguru, au chuo kingine.

Kiwango cha chini cha TCU kwa shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1.

Piga hesabu. D mbili ni pointi 4, umegusa kiwango. D na E ni pointi 3, umekwama. Na D inaanzia alama 50, wakati 49 ni E. Yaani alama moja tu inaweza kukufungia mlango. Tena hicho ni kiwango cha chini tu. Nafasi zinagombaniwa, na kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo wa udahili.

Kwa nini kusoma majibu hakutoshi

Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja lilirudia kusoma, lingine lilijipima kwa kuandika kile lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Ile "hii naijua" ya leo, basi, inaweza kuwa imeshayeyuka wiki ijayo.

Hatua 6 za kutumia pepa vizuri

1. Hakiki kwanza kama pepa bado inafaa. Mitaala mipya ilianza kutumika 2024, kwa hiyo swali la zamani linaweza kuwa la mada ambayo haimo tena kwenye muhtasari wako. Linganisha pepa na muhtasari pamoja na fomati ya sasa ya Necta. Hata LSAT ilibadilika Agosti 2024: sehemu ya mafumbo ya mantiki iliondolewa, na pepa za zamani bado zinayo.

2. Fanya kama uko chumba cha mtihani. Zima simu, weka saa mezani, andika kwa mkono. Kama pepa ni ya saa 3 na unajibu maswali 5, toa dakika 10 za kusoma maswali na kupanga. Unabaki na dakika 34 kwa kila swali. Muda ukiisha, hamia linalofuata.

3. Sahihisha taratibu. Pepa ya saa 3 inastahili muda mwingine kama huo wa kusahihisha. Mpe mwalimu au mwenzako asome insha zako, maana wewe mwenyewe utajihurumia.

4. Fungua daftari la makosa. Kila alama uliyopoteza iweke kwenye fungu lake: sikuijua mada, niliijua ila sikuelewa swali, muda uliniishia. Dawa zake ni tofauti. Aliyeambiwa "tathmini" akaishia kuorodhesha hana shida ya kusoma zaidi, ana shida ya kusoma swali.

5. Soma uchambuzi wa Necta. Wengi hawajui kwamba Necta huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa somo na kwa mwaka. Zinaeleza walioshindwa walikosea wapi, na zina mifano ya majibu mazuri na mabaya. Ni bure. Kama unakaa Mgeta au Matombo na mtandao unasumbua, zipakue siku ukishuka mjini, uzisome bila bando.

6. Bakiza pepa mbili za mwisho. Usiziguse kabisa hadi wiki chache kabla ya mtihani. Hizo ndizo zitakuambia ukweli kuhusu ulipofika. Ukizimaliza mapema, utabaki unapima kumbukumbu ya majibu.

Jihadhari na "pepa ya uhakika"

Ukitumiwa ujumbe kwamba kuna pepa imevuja na inauzwa, achana nao. Huenda ukatapeliwa hela yako, na ukikutwa na udanganyifu Necta hufuta matokeo. Hapo hata ile E huipati.

Safari haiishii chuoni

Ukimaliza shahada, ili uwe wakili kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, maarufu kama Law School. Oktoba 2022 matokeo yake yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, huku 342 wakitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakidisko. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Kwa hiyo tabia ya kujipima kwa ukweli anza nayo sasa, utaihitaji hadi huko.

Leo usiku chukua pepa moja na swali moja. Weka dakika 34, andika, kisha ndipo ufungue majibu.